Kisagio cha kahawa ni mwanya kwanza, mota baadaye

Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka kule Chang'ombe, hapa Dodoma, hakuhitaji kuionja kahawa yangu ili ajue imeharibikia wapi. Nilimpelekea vijiko vichache kwenye karatasi. Akachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua kama anavyosugua unga wa mteja, kisha akafungua vidole.

"Mwanangu, hii ina unga na ina chenga," akasema. "Mashine yako haina chekeche?"

"Haina, mzee wangu. Ina visu viwili tu vinavyozunguka."

Akatikisa kichwa. "Sasa punje inaambiwa na nani kwamba imetosha?"

Swali hilo natembea nalo tangu siku ile, na sijapata kipimo bora zaidi cha kuchagulia kisagio cha nyumbani. Tazama mashine yake mwenyewe. Ndani mna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi na kuyapiga mahindi, lakini nyundo hazina kauli ya mwisho. Kauli ya mwisho iko kwenye chekeche lililozizunguka, bati lenye matundu ya milimita moja hivi. Punje ambayo bado ni kubwa kuliko tundu inapigwa tena na tena mpaka ipite. Mteja akitaka chenga za kulishia vifaranga, mzee anabadilisha chekeche, nyundo ni zilezile. Jiwe la kusagia uwele na mtama, ambalo wanawake wa Kigogo wamelitumia kwa vizazi, nalo lina kauli yake: nafasi kati ya jiwe la chini na jiwe la mkononi, na mkono mzoefu unaoisimamia. Kisagio changu hakikuwa na chekeche wala nafasi ya kusimamiwa. Buni iliyokuwa karibu na visu ilipigwa mara mia, iliyorushwa juu kwenye kifuniko iliguswa mara moja, na kilichoamua mwisho wa kazi ni kidole changu kilipochoka kubonyeza.

Aliyewahi kupika mchele uliojaa chenga anajua kinachofuata. Chenga zinageuka uji wakati punje nzima bado zina kiini. Kwenye kahawa, maji ya moto hutoa ladha kwa zamu: uchachu hutangulia, utamu hufuata, uchungu mzito unaokausha ulimi huja mwisho. Unga laini humaliza zamu zote ndani ya muda mfupi sana, ilhali chenga kubwa hata baada ya dakika nne ndiyo kwanza inaanza. Kwa hiyo kikombe kimoja kinakuwa kichachu na kichungu kwa pamoja. Ongeza kahawa, hakiponi. Punguza, hakiponi. Na lawama inakwenda kwa kahawa yenyewe, ya Mbozi au ya Mbinga, ambayo mkulima aliichuma mbivu, akaimenya, akaiosha na kuianika juu ya vichanja kwa uangalifu. Hilo linaniuma kweli. Sehemu kubwa ya kahawa ya nchi hii inauzwa nje, na hii kidogo inayobaki tunaiharibu katika nusu dakika ya mwisho, jikoni kwetu.

Kwa sisi wa Dodoma jambo hili lina uzito wa ziada. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Maelekezo mengi ya kupika kahawa yanamtaka mtu aache birika lipoe kidogo kabla ya kumimina. Hayo yaliandikiwa watu wa mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi 100. Mimi namimina yakiwa bado yanatokota, maana sina joto la kupoteza. Kwa kuwa mwinuko umeshanipangia joto, ninachobaki nacho mkononi ni muda na ukubwa wa chenga, na ukubwa wa chenga unatoka kwenye kisagio pekee.

Pamoja na hayo, swali la kwanza ninalosikia watu wakiuliza dukani ni wati. Ina wati ngapi? Wati zinaeleza mota inakula umeme kiasi gani, lakini hazisemi lolote kuhusu kahawa itakavyotoka. Kisagio kinachostahili fedha yako ni kile chenye meno mawili yanayotazamana: pete ya nje imetulia, ya ndani inazunguka, na buni inapita katikati ikibanwa kadiri inavyoshuka. Mwanya ulio chini kabisa, kabla ya kutoka, ndio chekeche lake. Wanaokumbuka Peugeot 504 zilizokuwa zikikimbia barabara zetu huenda hawajui kwamba familia ya Peugeot ilianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, karibu nusu karne kabla ya gari lao la kwanza. Meno ya vinu vya mkono vya leo bado yanafuata mpango wa aina ileile: juu meno makubwa yanaivunja buni, chini meno madogo yanaisaga mpaka ipite.

Yapo meno ya umbo la pia, yaani koni, na yapo meno bapa. Mabishano juu ya hayo mawili ni marefu kuliko tofauti mtu atakayoisikia kikombeni nyumbani, kwa hiyo sitayagusa zaidi. Kwa kisagio cha mkono utapata yale ya umbo la pia, nayo yanatosha kabisa.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye kinachoyashika hayo meno, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia mara ya pili. Baada ya maneno ya mzee nilinunua kisagio cha mkono chenye meno ya kauri, nikiamini tatizo limekwisha. Kwa birika la moka, lile ambalo mvuke husukuma maji yapite kwenye kahawa, linalotaka kahawa laini, kilikwenda vizuri. Nilipokilegeza ili nisage chenga za kuchuja, ule mchanganyiko wa unga na mabonge ukarudi. Nikakifungua chombo cha chini, nikakiinua kisagio dirishani asubuhi, jua likiingia kwa juu, nikatazama kutoka chini kama mtu anayechungulia bomba. Mwanga uliopita kati ya pete mbili ulikuwa na umbo la mwezi mwandamo: mnene upande mmoja, uzi mwembamba upande wa pili. Nikauzungusha mkono wa kusagia polepole, na ule mwezi ukazunguka nao.

Maana yake ni kwamba shafti ilikuwa inacheza. Juu ilishikwa na kipande cha plastiki, chini ikawa inaning'inia tu. Kila buni iliyoingia iliisukuma pembeni, mwanya ukapanuka huku na kubana kule. Ukikaza sana, pete zenyewe zinaizuia shafti isiyumbe. Ndiyo maana kahawa laini ilitoka sawa. Ukilegeza, hakuna kinachoizuia. Fundi baiskeli yeyote atakueleza habari hii bila kuijua kahawa: gurudumu ambalo beringi zake zimelegea halinyooki hata ukipaka rimu rangi mpya.

Basi kama una fedha ya kutosha sifa moja tu, inunue hii: shafti ya chuma iliyoshikwa na beringi mbili, moja juu na nyingine karibu na meno, ndani ya mwili wa chuma usiopinda. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Shika mkono wa kusagia, usukume kushoto na kulia, si kwa kuzungusha. Kikisikika kugonga au ukauona unalala, rudisha. Kisha tazama mwanga kutoka chini. Unachotafuta ni pete kamili ya mwanga, unene uleule pande zote, inayobaki hivyo ukizungusha. Muuzaji asiyekubali ufanye jaribio la dakika moja, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Nilipopata kisagio cha tatu, cha meno ya chuma na beringi mbili, nilitaka kuona tofauti kwa macho. Nikapima gramu 20 za kahawa ileile kwa kila kimoja cha vile vitatu, nikasaga zote kwa ukubwa wa kuchuja, nikazipitisha kwenye chujio la chai huku nikiligonga taratibu juu ya sahani nyeupe. Kilichopita kutoka kwa visu kilikuwa kilima kidogo cha vumbi la rangi ya udongo wa mtaa wetu wa Kisasa. Kutoka kwa meno ya kauri kilima kilikuwa kifupi zaidi. Kutoka kwa meno ya chuma kilibaki kivuli cha unga kilichofunika sahani bila kurundikana. Unga haukukosekana, na hautakosekana kwenye kisagio chochote, kwa sababu buni iliyokaangwa ni kavu na hupasuka kama kioo. Kinachopungua ni wingi wake. Kilichobaki juu ya chujio, kutoka kwa kisagio cha tatu, ungedhani ni mchanga uliochekechwa na fundi mwashi kwa ajili ya lipu.

Sasa kuhusu kurekebisha ukubwa. Matangazo husifu idadi ya vituo, yaani hatua ambazo pete ya kurekebishia inasimama ukiigeuza: 12, 24, 40. Idadi peke yake haina maana mpaka ujue kila kituo kinasogeza meno kiasi gani. Ni hesabu ya skrubu tu. Skrubu inayopanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja, ikiwa na vituo 40 kwa mzunguko, kila kituo kinasogeza milimita 0.025. Ikiwa na vituo 10, ni milimita 0.1, na hapo mpishi wa espreso, kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo, hawezi kufanya kazi, kwa sababu kituo kimoja kinamtoa kwenye kahawa inayotiririka kama asali hadi inayomwagika kama maji ya bomba. Anayechuja kwa karatasi, anayetumia birika la moka au anayechemsha kwenye sufuria kama kahawa ya kijiweni, hahitaji vituo vyembamba hivyo, na asilipie. Anachohitaji zaidi ni namba zinazoonekana na kituo kisichohama chenyewe, ili alichokipata Jumamosi akipate tena Jumapili. Ninapenda pete ya kurekebishia iwe nje. Kile cha kauri kilinilazimu nikifungue, nitoe chombo, nigeuze nati chini gizani na kuhesabu kwa kusikiliza milio. Nikisahau hesabu, naanza upya.

Chuma au kauri? Kauri haipati kutu na haichakai haraka, lakini ni tete, na meno yake mara nyingi hayana ukali wa chuma kilichochongwa kwa mashine. Kwetu kuna sababu nyingine ambayo hutaisoma kwenye vijitabu vya watengenezaji, nayo ni mawe. Kahawa ya maganda, hasa ile ya Kagera, huanikwa juani, na ikianikwa chini kokoto ndogo huchanganyika nayo. Zikipona kwenye kukobolewa na kwenye kukaangwa, zinafika kwako zikiwa na rangi ileile ya buni. Jino la kauri likikutana na kokoto linavunjika kipande. Langu lilivunjika hivyo. La chuma linaweza kupata kovu tu ukaendelea nalo, na kwenye kisagio cha mkono unahisi mara moja mkono unapogoma, ukasimama. Mota haisimami kwa kuhisi. Tangu siku ile buni zangu zinapita kwenye ungo kwanza, kama mchele wa sikukuu.

Vumbi na ukavu wa hewa navyo vinataka neno. Mvua zetu huanza Desemba na kuishia Aprili. Miezi mingine hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba ukivuta blanketi la nailoni gizani unaona cheche. Umeme tuli huohuo unazaliwa ndani ya kisagio buni zinaposuguana na kuvunjika. Kahawa inanata kwenye kuta za chombo, makapi yanaruka mezani, na kiasi kinachobaki ndani leo kinatoka kesho kikiwa kimepoteza ladha. Mwaka 2023, Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, pamoja na Joshua Méndez Harper, mtafiti wa umeme unaozaliwa ndani ya majivu ya volkano, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba buni kavu zaidi na zilizokaangwa kwa rangi nyeusi zaidi hubeba chaji kubwa, na kwamba maji kidogo tu kabla ya kusaga huipunguza sana. Nyumbani nafanya hivi: nachovya mpini wa kijiko kwenye maji, naukung'uta, nakorogea buni kwa mpini huo, kisha nasaga. Tone moja linatosha. Katika kuchagua chombo, maana yake ni kukwepa chombo cha chini cha plastiki nyepesi na kutafuta cha chuma au kioo kizito, chenye kuta nyoofu zisizo na kona za kufichia kahawa. Kioo kinavunjika, najua. Mimi nimechagua chuma.

Linabaki swali la mkono au umeme. Msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba ya watu wawili au watatu, kwa bei ileile, cha mkono kinashinda, kwa sababu fedha ambayo ingekwenda kwenye mota, swichi, waya na plastiki imekwenda kwenye meno na beringi. Kukatika kwa umeme hakukuhusu, na LUKU ikiisha alfajiri bado unakunywa kahawa. Cha chuma chenye meno ya kipenyo cha milimita 38 au zaidi kinamaliza gramu 20 ndani ya dakika moja hivi, kwa buni zilizokaangwa kati. Zilizokaangwa kidogo ni ngumu, utaguna.

Lakini siwezi kumshauri hivyo kila mtu. Nyumba zetu zina wageni. Kahawa ya kuchuja inataka kama gramu 60 kwa lita, na chombo cha mkono kinabeba 20 au 30 kwa mara moja. Shemeji zako wakija watano, utazungusha mpaka mazungumzo yakupite. Mama mwenye maumivu ya viungo vya mikono naye asiambiwe avumilie. Hao watafute cha umeme chenye meno, na hapo sheria ni ileile, uimara wa meno kabla ya wati. Kuna jambo moja tu la ziada, nalo linaumiza watu wanaoletewa vitu na ndugu walioko Marekani: huko umeme ni volti 120 na mawimbi 60 kwa sekunde, huku kwetu ni volti 230 na 50. Ukichomeka bila kubadilisha volti, mota inaungua kabla buni ya kwanza haijavunjika. Soma kibati kilicho chini ya mashine, usisome boksi.

Wengine watakuambia mashine ya kasi inaunguza kahawa, hivyo ulipie zaidi upate ya mwendo wa pole. Kwenye mgahawa unaosaga kutwa nzima, joto ni tatizo la kweli. Kwa gramu 20 za asubuhi meno hayapati muda wa kupata moto. Fedha hiyo iweke kwenye beringi.

Usafi nao ni sehemu ya umbo la chombo. Kisagio kinachofunguka kwa mkono, bila bisibisi, kitasafishwa. Kinachohitaji skrubu nne hakitasafishwa, haidhuru mwenye nacho aape nini. Brashi kavu inatosha. Meno ya chuma hayaoshwi kwa maji, yatashika kutu. Ile desturi ya kusaga mchele mkavu ili kusafisha, kama tunavyofanya kwenye blenda, iache: mchele ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, unaibebesha mota mzigo na kuacha wanga kati ya meno. Na iliki, karafuu au tangawizi kavu zisisagwe humo hata mara moja. Harufu ya karafuu inakaa kwenye kisagio kwa wiki nyingi. Ukipenda kahawa yenye viungo, na mimi naipenda, vitwange kwenye kinu kidogo uvitie birikani.

Nilirudi Chang'ombe na kisagio cha tatu ili mzee akione. Alisugua kahawa vidoleni, akanyamaza, akasugua tena. "Hii imesikia," akasema. Kisha akakifungua chote juu ya gunia, akavipanga vipande mstari mmoja kama anavyopanga nyundo zake zinapochakaa, akapitisha ukucha kwenye jino la ndani.

"Haya yakiisha, mpya unanunua duka gani?"

Nikamwambia ukweli kwamba kwa Dodoma sijaliona duka. Kisagio chenyewe wanauza, meno yake hawauzi. Ya kwangu niliyaagiza kupitia mtu wa Dar es Salaam nikayasubiri wiki tatu. Mzee ana boksi la nyundo na machekeche ya akiba chini ya meza yake, na hajawahi kununua mashine kwa mtu asiye na boksi kama hilo. Nawaomba wafanyabiashara wanaoleta visagio hivi mjini walete na meno, beringi na nati zake, kwa sababu chombo cha chuma kilichotengenezwa vizuri kinaweza kumzidi umri aliyekinunua, mradi mtu aweze kupata pete mbili za kubadilisha.

Alikifunga tena bila kuuliza kipande gani kinaanza, akanirudishia, akaniambia nimletee na yeye robo kilo ya buni za Mbinga, zisizosagwa.